Leso ya Nne

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na mnivumilie kwa kuwa ninasoma daftarini. Nikisimama mikono mitupu nitasahau hata jina langu, na leo sitaki kusahau neno. Mimi ni Rehema, yule msichana anayegawa vitabu vya nyimbo halafu anakimbilia jikoni. Nina miaka kumi na sita. Nimekuja kumshukuru Mungu aliyemtoa mama yangu katika uongo, na mimi akanitoa katika woga. Ila niseme ukweli, shukrani yangu bado ina hasira ndani yake. Mungu anajua, nimeshamwambia.

Mama alifeli mtihani wa udereva mara mbili, wa tatu akapita. Siku hiyo tulikula pilau kama sikukuu. Wengi wenu mmepanda lile gari letu la kijani baada ya ibada, mkashushwa hadi mlangoni. Kabla ya hapo Mama alikuwa akitoka Acocks Green alfajiri, basi la kwanza, basi la pili, mpaka wodi yake kule Perry Barr, upande wa pili wa jiji, na jioni anarudi miguu imevimba, viatu kavishika mkononi tangu kwenye geti. Gari lile lilikuwa miguu yake.

Likaanza kutoa moshi. Ndugu Elia, mwenzetu aliyetoka mji wa Moshi, anayetutengenezea magari, akasema injini lazima ifunguliwe yote. Akaifungua nyuma ya nyumba yetu Jumamosi mbili: pistoni, ringi, beringi, vyote vipya. Alikuwa na bidii, sikatai. Alipotaka vitambaa vya kufutia, Mama akachukua leso yake kuukuu ya kahawia akaichana vipande vinne. Iliniuma, maana ndiyo aliyonibebea mgongoni Mombasa, kwa hiyo niliandika humu: *Leso imechanwa vinne, jina lake limekatika katikati.* Jina la leso ile lilikuwa KIMYA CHANGU SI UJINGA.

Kazi ilipokwisha, Mama alimuuliza kwa dirisha la jikoni kama leso anayo. Ndugu Elia akapapasa mfuko wa suruali, akajibu, "Ninayo, shemeji, asante." Mama akaridhika. Mimi nikafua, nikaandika: *Nimefua vipande vitatu.* Nikafunga daftari. Ndugu zangu, nilikuwa na jibu la mambo yote chini ya mto wangu, na sikujua!

Siku ya tisa gari likafa Stratford Road, pale Sparkhill, mabasi yamejipanga nyuma yanapiga honi. Mama alisema taa nyekundu ya oili iliwaka, kukasikika kugonga kama kwa mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku, na kabla hajafika kando, kimya. Wapita njia walilisukuma gari kando. Alikuwa na sare yake ya unesi.

Ndugu Elia akaja, akalivuta mpaka nyumbani, akajaribu kuizungusha injini, haikuzunguka. Akasema imekwama, na sababu ni moja tu: imeendeshwa bila oili. Baba akachomoa kile kijiti cha kupimia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Oili ilikuwa imefika kwenye alama! Imejaa! Basi Ndugu Elia akasema Mama atakuwa ameiongeza baadaye ili kuficha. Jamani, angeitoa wapi, kwenye kofia ya unesi? Hakuna aliyeuliza. Baba hakuuliza. Maneno yakatembea, wanawake na usukani, wanawake na haraka zao. Jumapili, katika ibada humu humu sebuleni, mtu mmoja akaomba kwa sauti kwamba Bwana awape dada zetu unyenyekevu wa kuungama makosa yao. Sote tulijua dada gani. Tukasema Amina. Na mimi nilisema! Amina ile nimeitubu kwa machozi.

Baba akautoa ufunguo msumarini akauweka mfukoni. Akasema Jumamosi saa sita mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kulivuta, na gari lingine Mama hataendesha. Mama akarudi kwenye mabasi yake mawili. Hakujitetea tena. Alishasema ukweli mara moja, akaona hautoshi.

Alhamisi nilifungua daftari nimwage hasira, nikajikuta ninasoma za nyuma. Vinne. Halafu vitatu. Nikasoma tena. Nikakumbuka Ndugu Elia mwenyewe, akinywa chai, alivyonieleza kwamba oili inakaa kwenye bakuli chini ya injini, na pampu inaifyonza kupitia chujio. Nikawaza: ikiwa oili ipo, na taa inasema haifiki, basi kuna kitu kimeziba njia.

Unadhani nilikimbia kusema? Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amtume mtu mwingine. Ijumaa nzima nilingoja huyo mtu. Hakuja.

Jumamosi asubuhi Ndugu Elia alipita kuchukua jeki yake. Mama alikuwa bado njiani kutoka zamu ya usiku. Nilitoka na daftari, kidole kwenye ukurasa, nikasema, "Leso moja haikurudi."

Akacheka. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akakipunga. "Leso yangu hii hapa, mwanangu. Unataka kupenga?"

Baba naye akacheka. Nikageuka nirudi ndani. Nilikuwa nimeshashika mlango, ndugu zangu, ndipo Bwana akanifungua masikio. Kwao leso ni hicho kitambaa cha mfukoni! Leso yetu sisi wa Mombasa, wao wanaiita kanga. Siku ile dirishani Mama aliuliza lake, yeye akajibu lake, na kila mmoja akaondoka ameridhika.

Nikarudi. "Siyo hiyo," nikamwambia. "Kanga. Kanga ya Mama. Ulipewa vipande vinne."

Kicheko kikamkatika. Akautazama mkono wake, kama unaokumbuka kitu ambacho yeye hakikumbuki. Baba akasoma daftari, tarehe kwa tarehe, halafu akasema neno moja: "Fungua."

Mimi ndiye niliyeshika beseni. Oili ikamwagika yote, nyingi, oili ya mwanamke asiyejua kuweka oili! Ndugu Elia akalegeza bolti, bakuli likashuka. Na pale kwenye chujio, limejisokota kama bandeji, lilikuwepo tambara jeusi. Baba akalisuuza kwa petroli ndani ya mkebe. Herufi zikatokea moja moja. SI UJINGA.

Mama aliingia getini wakati huo, viatu mkononi. Ndugu Elia akavua kofia.

"Shemeji, niliziba tundu la injini kwa kipande kimoja vumbi lisiingie, nikaenda kunywa chai yako. Nikakisahau ndani."

"Chai ulishukuru," Mama akasema. "Jina langu je?"

Akainama pale kwenye matope akaomba msamaha, naye Baba, ambaye sijawahi kumsikia akiomba msamaha, akautoa ufunguo akampa Mama kwa mikono miwili. Mnunuzi wa vyuma alipofika akakuta hakuna cha kununua. Ndugu Elia ameifungua injini upya na kuifunga, safari hii akihesabu vitambaa kwa sauti, na ndiye aliyeniambia nimtaje kwa jina leo. Nimemsamehe. Mama alimsamehe kabla yangu, ana moyo mpana kunizidi. Lakini kwenu nyote niliosema nanyi Amina, bado nauliza: kijiti kilionyesha oili imejaa, kwa nini tuliona wepesi kuamini mkono wa mwanamume kuliko kijiti?

Namshukuru Mungu aliyekataa kumtuma mtu mwingine. Na wewe uliyeketi hapo nyuma, mwenye jambo la kweli ulilolificha daftarini, mtegemee yeye. Utatamani kurudi ndani. Sema hivyo hivyo.

Nimemaliza. Gari liko nje, limeshapata joto, na Mama ndiye anayeendesha. Nafasi za nyuma ni tatu, za kuwapeleka nyumbani. Yule aliyeomba ile sala ya unyenyekevu, tunaanza na yeye.