Si Maua kwa Wembe

Benchi letu limeegemea ukuta wa baa ya Delfina, na ukuta huohuo ndipo yanapobandikwa matangazo ya vifo, kwa hiyo sisi ndio wa kwanza kujua nani katutoka na misa ni saa ngapi. Jumanne ile aliyetutoka alikuwa wa kwetu: Nazzareno kinyozi, ambaye sisi tulimwita Wembe. Asubuhi mkewe Ersilia alinishika mkono akaniambia, "Stempu, umekaa naye pale miaka thelathini na moja. Sitaki maua. Watu wachangie utafiti wa ule ugonjwa. Chama gani, chagua wewe, mimi kichwa hakifanyi kazi." Mimi nimegonga mihuri posta maisha yangu yote, sijui lolote la utafiti. Nikaja benchini kuomba ushauri, na hilo ndilo kosa nililofanya. Tangazo lilitakiwa ukutani kabla ya saa sita, watu wakirudi kula walisome. Saa nne ilishagonga.

Walikuwepo watatu. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu, alipiga kengele ya shule miaka arobaini. Breki, dereva mstaafu wa treni. Na Ulisse, ambaye hatukumpa jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kulistahili.

— Hilo nalo la kuumiza kichwa? — alisema Profesa. — Wape wale wa machungwa.

— Machungwa gani?

— Wale wanaouza machungwa uwanjani kila Januari kwa ajili ya utafiti. Matamu, hayana mbegu. Chama chenye machungwa kama yale hakiwezi kuwa cha wezi.

— Kwa hiyo tunachagua madaktari kwa maganda? — Breki akadakia. — Angalia taa, bwana. Mimi nimepita na treni nyuma ya maabara zote, Ancona mpaka Bologna. Ukiona taa inawaka alfajiri, pale watu wanafanya kazi.

— Au mfagiaji kasahau kuzima.

— Basi wana mfagiaji. Kuna wengine hata huyo hawana.

Nikawaambia saa zinakwenda. Profesa akasogeza kikombe, akashusha sauti.

— Stempu, usihangaike. Dawa ilishapatikana.

— Imepatikana wapi?

— Milimani huko. Daktari wa mifugo. Alimtibu mbuzi.

— Mbuzi akapona?

— Akapona kabisa. Tukamla Pasaka.

— Sasa ulijuaje kama kapona?

— Nilimla mimi! Hakuwa na shida yoyote.

— Acheni mbuzi, — alisema Breki. — Tatizo ni ule mnara wa simu nyuma ya kanisa. Kabla ya mnara Wembe alikuwa mzima.

— Mnara una miaka ishirini, Breki.

— Si unaona? Unafanya kazi polepole.

— Hata mwaka huu alikuwa mzima! — alisema Profesa. — Kila Alhamisi anafunga saluni, ndevu safi, manukato shingoni, huyoo basi la asubuhi. Mgonjwa gani anakwenda kwa mwanamke namna ile?

Tukacheka, Mungu atusamehe. Tangu Machi benchi zima lilikuwa limekubaliana kwamba Wembe ana mwanamke mjini, mjane mwenye duka la vifungo. Tulimtania mpaka machozi yakatutoka, naye hakuwahi kukataa.

— Ulisse, si wewe unapanda basi hilohilo kwenda kwa dada yako? Hukumwona huyo mama? — aliuliza Breki.

— Sikumwona, — alisema Ulisse.

— Jamani! — nikafoka. — Nimeuliza chama, mnaniletea mbuzi na wajane!

Ndipo akaja Noemi, binti mgeni wa kiwanda cha uchapaji, ana wiki tatu tu hapa kwetu. Mkononi ana tangazo lenye nafasi tupu chini ya maneno "Si maua, bali matendo mema."

— Samahanini wazee wangu, nimefuata jina la chama.

Profesa akamwambia machungwa, Breki akamwambia taa, wote kwa mpigo. Binti akasikiliza kwa adabu zote.

— Lakini vyama viko vingi. Kuna vya damu, vya matiti, vya mapafu, vya watoto. Yeye alikuwa na saratani ya nini?

Huku kwetu neno hilo halitamkwi. Tunasema "ule ugonjwa mbaya," tena kwa kunong'ona, na hata tangazo lilikuwa limeandikwa hivyohivyo. Breki akatazama kanisa. Profesa akakoroga kikombe kitupu. Na mimi? Najua Wembe alitia sukari ngapi, bega gani lilimuuma wakati wa mvua, mechi gani ilimliza. Hilo sikulijua, maana sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

— Ya kongosho, — alisema Ulisse. — Chama chake kipo. Alikuwa akitembea na karatasi yao mfukoni.

— Wewe umejuaje?

— Tulikuwa tunashuka pamoja hospitalini. Yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu. Yangu ni ya tezi dume.

Breki akageuka polepole.

— Na dada yako je?

— Dada yangu yuko Ajentina tangu mwaka wa sabini na moja. Breki, wewe ndiye uliyempeleka bandarini kwa treni yako.

— Mbona hamkutuambia?

— Mlikuwa mnamfurahia sana yule mwanamke. Wembe alisema tuwaachie.

Noemi akauliza kama aandike kongosho, hivyohivyo. Nikamwambia aandike, tena kwa herufi kubwa. Akaenda, na kabla ya saa sita tangazo lilikuwa ukutani, gundi bado mbichi. Profesa alilisoma mara mbili, midomo ikicheza.

— Ulisse, — nikasema, — Alhamisi basi linaondoka saa ngapi?

— Saa moja na robo. Dereva hasubiri mtu.

— Nitakuwepo.



— Wembe alikaa dirishani.

— Nitakaa upande wa pili.