Ngozi Ilipoa, Damu Ikakataa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Sijui kama mimi ndiye wa kusimulia haya. Wapo wanaosema vizuri kuliko mimi, na uchovu haujanitoka. Lakini mume wangu, Baba Neema, yu hai, na kunyamaza naona ni kumdhulumu Mungu.

Baba Neema alikuwa mkata mkonge huku Mwera. Mwiba ukamchoma mguuni. Tukafanya tunavyofanya sote: mafuta ya taa, kitambaa, kesho kazini. Mguu ukavimba, homa ikapanda mpaka akawa anaweweseka. Tulipomfikisha hospitali Tanga mjini, daktari akasema maambukizi ya kidonda yameingia kwenye damu.

Kila asubuhi walimtoa damu kidogo. Vipimo vya kawaida tu, ndugu zangu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka miguu yangu nayo ikavimba.

Siku moja homa ikashuka. Namgusa paji la uso, baridi! Kwetu mgonjwa wa homa akipoa ni shukrani. Wanajumuiya waliokuja kumwona wakaimba, nami nikaimba nao palepale wodini. Shemeji Yohana, mdogo wake, akatafuta gari la kuturudisha nyumbani.

Daktari akaja na majibu. Yeye hakufurahi.

"Mama Neema, huyu hajapona. Chembe za kugandisha damu zimeshuka kuliko jana, na figo zinachoka. Ubaridi huu ni mwili kuishiwa nguvu. Wenye majibu kama haya wengi tunawapoteza. Nataka ahamie chumba cha uangalizi sasa hivi."

"Si ninyi mnaomaliza hiyo damu?" Shemeji akadakia. "Kila siku sindano! Shemeji, kaka amepoa, mshike mwenyewe. Au unangoja wamkaushe kama mkonge uwanjani?"

"Akibaki atapona?" nikamuuliza daktari.

"Siwezi kukuahidi, mama. Damu inaniambia nani wa kumkimbilia kwanza. Haiapi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshaimba! Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni, nisiwadanganye. Niliomba tu, "Bwana, sijui, nisaidie." Nikasema abaki.

Shemeji akaondoka bila kuaga. Simlaumu. Alimpenda kaka yake, na aliyoyasema hata mimi nilikuwa nayawaza.

Wakamhamisha, wakambadilishia dawa. Kwa macho alikuwa vilevile, nikajiona mjinga. Kisha asubuhi moja daktari akaniambia damu imeanza kurudi vizuri. Naye bado kalala kama gogo! Ilichukua muda ndipo akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Mama Neema, mbona umekonda hivyo? Mgonjwa ni nani hapa?" Nililia.

Mle chumba cha uangalizi, mama wa kitanda cha jirani majibu yake yalikuwa mazuri kuliko yetu. Alifariki. Watu wake walimsomea dua kwa machozi kama sisi tulivyoomba. Sitasema Mungu alinipenda mimi kuliko yeye. Hilo silielewi, nimemwachia Mwenyewe.

Baba Neema sasa anatembea na fimbo, mkonge hakati tena. Shemeji ndiye anayemsafisha kidonda. Juzi mkata mkonge mmoja alikuwa na homa, ikapoa ghafla, watu wakaanza kushangilia. Shemeji akasema, "Asiimbe mtu. Twende akapimwe damu kwanza."

Asante, Yesu! Ndugu zangu, mtumainini Bwana, na mkono msiufiche mbele ya sindano. Wimbo upo, utangoja majibu.