Juisi Aliyonyang'anywa Chiriku

MWALIMU MKUU: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Mama yake Chiriku, wa darasa la tatu.

MWALIMU MKUU: Aa, mama, habari za—

MAMA: Habari ziweke kwanza. Niko zahanati.

MWALIMU MKUU: Tumesikitika sana. Mtoto anaendeleaje?

MAMA: Ana dripu mkononi. Amefumbua macho sasa hivi. Nani alimnyang'anya juisi?

MWALIMU MKUU: Hakunyang'anywa, mama. Mwalimu wa michezo aliichukua kwa—

MAMA: Aliichukua.

MWALIMU MKUU: —kwa nia njema. Alisikia mtoto ana kisukari. Akamkuta nyuma ya darasa anafungua juisi, akadhani anakunywa kwa kujificha.

MAMA: Hakumwona anatetemeka?

MWALIMU MKUU: Aliona jasho. Lakini walikuwa wametoka kukimbia, mama, wote walikuwa na jasho.

MAMA: Nisikilize. Asubuhi namchoma sindano ishushe sukari. Akikimbia, inazidi kushuka. Ikipita kiasi anatetemeka, halafu anaanguka. Hapo juisi ndiyo dawa yake. Haya nilikuambia ofisini kwako, umekaa unatafuna karanga.

MWALIMU MKUU: Uliniambia, sikatai. Tukamwita mwalimu wa darasa, ukamfundisha vizuri—

MAMA: Yuko wapi?

MWALIMU MKUU: Nani?

MAMA: Huyo niliyemfundisha.

MWALIMU MKUU: (anakohoa) Likizo ya uzazi.

MAMA: Na lile tumbo hukuliona? Nilikuomba walimu wote, na mpishi, na mlinzi wa getini. Ukasema—

MWALIMU MKUU: Mama, mtandao unakata—

MAMA: Haukati. Ukasema mmoja anatosha, wengine tusiwatie hofu.

MWALIMU MKUU: Nilisema. Sasa mama, maji yameshamwagika—

MAMA: Hayakumwagika yenyewe, mwalimu. Kuna waliomwaga.

MWALIMU MKUU: Kweli. Kesho nawakusanya wote. Njoo uwafundishe.

MAMA: Na mpishi?

MWALIMU MKUU: Na mpishi. Na mlinzi.

MAMA: Huyo wa michezo akae mbele kabisa.

MWALIMU MKUU: Yuko hapa ofisini, analia. Juisi bado ameishika.

MAMA: Alie. Mimi nimemwacha mteja saluni, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, nimekuja mbio na kitana mkononi. Kulia sijapata nafasi.

MWALIMU MKUU: Pole, mama yangu. Tutafanya lolote utakalo—

MAMA: Unajua ameamka na neno gani?

MWALIMU MKUU: Lipi?

MAMA: Ati nimhamishe shule. Na huko aendako nisimwambie mtu kuwa anaumwa. Wakijua, watamnyang'anya tena.

MWALIMU MKUU: (anasogeza kiti, anafunga mlango)

MAMA: Upo?

MWALIMU MKUU: Nipo. Mama... naomba niongee naye.

MAMA: Umwambie nini?

MWALIMU MKUU: Kwamba hakukosea. Alifanya sawasawa, sisi ndio tuliokosea.

MAMA: (mbali na simu) Mwanangu, shika. Mwalimu mkuu. Anataka kukuomba radhi. Shika basi—

MWALIMU MKUU: Haloo? Mwanangu?

MAMA: Ni mimi. Amegeukia ukutani.

MWALIMU MKUU: Labda baadaye—

MAMA: Salio linaisha. Kesho kabla ya kengele, mwalimu, wote wawe wameketi. Nitakuja peke yangu.