Ukurasa Ulioshonwa Pasipo Pake

Benchi letu liko mbele ya duka la Gundi, anayeshona na kubandika vitabu vilivyochanika. Kahawa anachemsha mwenyewe, kwenye jiko lile lile analoyeyushia gundi yake, na ladha tumeshaizoea. Mwalimu, aliyestaafu shule lakini hajastaafu kufundisha, hukaa upande wa kivuli. Fundi Saa hukaa katikati. Mkewe aliondoka na mwanamume mwingine miaka sita iliyopita. Wote tunajua, na wote tunajifanya tumesahau. Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa juu ya kitabu cha hadithi fupi za zamani tulichokisoma kwa zamu mpaka kurasa zikaachana, Gundi akakishona upya.

– Nauliza tena, alisema Mwalimu. Kwa nini humu mke akitoka nje ya ndoa lazima afe? Huyu homa, yule kifua, mwingine kisimani!

– Na bwana aliyetoka naye? niliuliza.

– Huyo hata mafua hapati.

– Karatasi ilikuwa shida, alisema Gundi. Ukimuua mapema, unaokoa kurasa kumi.

– Wapi! Mwalimu alimkatiza. Waandishi walikuwa wanaume, na wake zao ndio waliowanakilia kazi. Vile vilikuwa vitisho. Mama wa watu ananakili huku anatetemeka.

– Basi na wauza dawa za homa walikuwemo. Walikaa kikao kabisa.

Fundi Saa hakucheka.

– Mmoja hafi, alisema. Yule wa stesheni.

Hadithi hiyo tunaijua. Mwanamke yuko stesheni na bwana wa pembeni, wanasubiri treni. Unageuza ukurasa, unamkuta mlangoni kwake. Mumewe anampokea kikapu, anamwambia, “Umechelewa, ingia ndani.” Basi, imekwisha.

– Ile imeninyima usingizi, Fundi Saa aliendelea. Mwisho nikaandika barua. Kwa mkono, maana simu ingenishinda.

– Ukamwandikia nani?

– Mke wangu.

Miaka sita hatukuwahi kumsikia akitamka hivyo. Mwalimu aliweka kikombe chini.

– Nimemwambia arudi. Amekubali. Anafika leo, basi la saa nane.

Tulitaka kumpongeza, lakini Gundi alikuwa amejiinamia, anajikwangua gundi kwenye kucha.

– Kaka, usinichukie, alisema. Ule ukurasa wa mwisho si wa pale.

– Unasemaje?

– Namba za kurasa zilikuwa zimeliwa na mende. Nikashona kwa kukisia. Ule ni wa mama mwingine, alikuwa ametoka zake sokoni tu. Wa stesheni nimeuokota jana chini ya meza.

Aliutoa mfukoni. Fundi Saa hakuupokea.

– Humo mwanamke anaishiaje?

– Anakufa.

– Kwa nini?

– Homa.

Hapo kila mtu akawa mshauri. Mwalimu alitaka mke apigiwe simu ageuze njia, kwa sababu barua imetokana na kosa la Gundi na haihesabiki. Gundi, roho ikimsuta, alisema aje, ila afikie kwanza kwa dada yake mpaka wazee wakae. Nilimtazama Fundi Saa. Mikono yake, inayoshika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa inazungusha kikombe kitupu.

Kulikuwa na mama amesimama na daftari lililochanika, anasubiri kuhudumiwa.

– Samahani jamani, nimesikia bila kukusudia, alisema. Huyo mume wa mwanamke wa stesheni, kwenye ukurasa wa kweli, anasema nini?

Gundi aliugeuza mbele na nyuma. Mwalimu akamnyang'anya, akavaa miwani.

– Hayumo.

– Hakuna aliyemuuliza kama bado anamtaka mkewe?

Gundi akainua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu.

Fundi Saa alisimama.

– Mimi namtaka, alisema. Hasira ninayo, tena nyingi, sijaimaliza. Lakini mlango wa jirani ukilia nadhani ni yeye. Miaka sita, jamani. Namtaka hata kama ni kwa kosa la Gundi.

Akaanza kuondoka kuelekea stendi.

– Basi ni la saa nane, Mwalimu alimwita. Sasa hivi ni saa nne!

– Najua. Nimemsubiri nyumbani vya kutosha. Leo nataka nimsubiri pale anaposhukia.