Cheti cha Ukutani

SPIDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Mimi.

SPIDI: Mimi nani? Namba siijui hii.

DADA: Ndiyo maana umepokea. Ya kwangu unaijua, na siku nne huipokei.

SPIDI: Aah, Dada! Shikamoo Dada.

DADA: Marahaba. Simu ni ya mwalimu wa muziki, nimeiazima, kwa hiyo usinizungushe. Cheti kiko wapi?

SPIDI: Za huko lakini? Wanafunzi wako wale wadogo wa—

DADA: Spidi.

SPIDI: Naam.

DADA: Cheti.

SPIDI: Kiko wizarani. Nilikipeleka siku ile ile uliyoniambia, asubuhi na mapema. Kiko kwenye foleni.

DADA: Foleni gani ya siku sita? Muhuri ni kugonga tu, pah! Basi.

SPIDI: Dada, unawajua watu wa ofisi. Huyu yuko chai, yule yuko mkutanoni, ukirudi unaambiwa mwenye ufunguo wa kabati—

DADA: Walikupa karatasi ya kuchukulia?

SPIDI: Walinipa.

DADA: Nisomee namba.

SPIDI: Aa... siko nayo hapa. Iko kwenye suruali nyingine.

DADA: Na suruali iko wapi?

SPIDI: Imefuliwa.

(mtandao unakwaruza)

DADA: —nisikilize vizuri, maana naona wewe unacheza. Zamani hapa kopi ilitosha. Nimefundisha miaka mitatu kwa kopi. Sasa sheria imegeuka, mwalimu yeyote mgeni alete cheti chenyewe, kiwe na muhuri wa wizara ya kwao mgongoni. Tarehe thelathini ikipita huna, kibali hakiongezwi, unafunga mizigo. Hawabembelezi mtu. Mwenzangu wa chumba, yule wa hesabu, kaondoka jana. Kaacha mpaka sufuria jikoni.

SPIDI: Yule mcheshi?

DADA: Yule yule. Jana hakucheka. Na saa hivi mkuu wa shule yuko hapo koridoni na orodha yake. Anataka jibu moja kutoka kwangu leo, kabla kengele haijalia. Cheti kinakuja au hakiji? Kwa hiyo nijibu mimi kwanza.

SPIDI: Mwambie... mwambie kiko njiani.

DADA: Njiani au wizarani?

SPIDI: Kinatoka wizarani, kinaelekea njiani.

DADA: Nipe Mama.

SPIDI: Mama kajipumzisha, Dada, mgongo unamsu—

MAMA (kwa mbali): Nani huyo? Ni Mwalimu? Lete hiyo simu wewe!

SPIDI: Kaamka.

DADA: Mpe. Na usihangaike, simwambii habari za sheria.

MAMA: Mwalimu wangu!

DADA: Shikamoo Mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Unakula? Sauti imekonda.

DADA: Nakula Mama, mtandao tu huo. Mgongo vipi?

MAMA: Mgongo huo huo. Ila mdogo wako ndiye atakayeniua. Juzi juzi kanichomea kitambaa cha meza, kile cheupe ulichonitumia. Shimo, alama ya pasi kabisa!

DADA: Pasi? Spidi na pasi?

MAMA: Ndiyo nashangaa! Mtu hajawahi kupiga pasi hata shati la mtihani. Natoka bafuni nyumba nzima inanuka plastiki ya kuungua. Namuuliza unapiga pasi nini, ananiambia soksi. Haloo? Umekata?

DADA: Nipo Mama. Plastiki... ya nini?

MAMA: Nitajuaje? Muulize fundi soksi mwenyewe.

DADA: Mama, kile cheti changu. Kilikuwa bado kwenye bahasha?

MAMA: Bahasha! Bahasha mtu anaweka barua ya msiba. Cheti chako kiko ukutani, mgeni akiingia tu kinampokea. Wiki ile ulipoondoka nilikipeleka mwenyewe pale wanapotia plastiki, paa letu hili unalijua. Halafu nikakitia fremu ya kioo. Plastiki ndani, kioo nje. Mvua ijaribu!

DADA: Hukuniambia Mama.

MAMA: Nilitaka ukirudi ukikute. Nimekosea?

DADA: Hapana. Hapana Mama, hujakosea. Umefanya vizuri. Asante.

MAMA: Kila asubuhi nakifuta vumbi. Kusoma sikisomi, miwani ndiyo hivyo tena, lakini jina lako nalijua lilipo. Mstari wa katikati.

DADA: Mama, nirudishie Spidi kidogo.

SPIDI: Naam Dada.

DADA: Toka nje.

SPIDI: Niko nje.

DADA: Nasikia redio. Toka.

SPIDI: (mlango) Haya. Nimetoka.

DADA: Ulikipiga pasi cheti changu.

SPIDI: Dada, nisikilize kwanza—

DADA: Ulikipiga pasi.

SPIDI: Wizarani nilikwenda kweli! Haki ya Mungu. Yule mama wa dirishani kakishika, kakigeuza huku na huku, kaniambia, kijana, muhuri nigonge wapi hapa, juu ya plastiki? Wino haushiki. Katoe plastiki, rudi Ijumaa.

DADA: Sasa si ungenipigia?

SPIDI: Nikwambie nini? Kwamba Mama ndiye—

DADA: Shh. Sauti.

SPIDI: Nilikwenda kwa jamaa anayetia plastiki. Kaniambia hii haitoki. Halafu mwingine pale pembeni akasema inatoka, pasi ya uvuguvugu, kitambaa juu, unavuta taratibu. Nikajaribu kona moja, Dada, ikaachia vizuri! Nikafurahi. Nikajisemea leo nimekuokoa.

DADA: Halafu?

SPIDI: Nikaongeza moto kidogo.

DADA: Spidi...

SPIDI: Nikavuta. Ikaja na maandishi.

DADA: Kimebaki nini?

SPIDI: Nembo ya chuo ipo. Na nusu ya sahihi ya mkuu.

DADA: Na jina langu?

SPIDI: Jina liko kwenye plastiki. Linasomeka, zuri kabisa. Karatasi ndiyo nyeupe.

DADA: Na ukutani kuna nini?

SPIDI: Kopi ya rangi. Nilitoa siku ile ile kabla ya kwenda, ili Mama asione pengo. Hajagundua.

DADA: Anafuta vumbi kopi.

SPIDI: Chuoni nimekwenda, Dada. Sikukaa tu. Wanasema wanatoa kingine. Ripoti ya polisi, tangazo gazetini, barua, halafu usubiri.

DADA: Muda gani?

SPIDI: Miezi minne. Wakiharakisha, mitatu.

DADA: Mimi nina siku kumi na moja.

SPIDI: Najua. Nimezihesabu. Nitukane basi, Dada. Nitukane nisikie.

DADA: Sina nguvu ya kukutukana. Darasani kwangu kuna mtoto mmoja mwaka mzima haongei na mtu. Jana kasoma neno la kwanza. "Kikombe." Nilikupigia nikwambie, hukupokea.

SPIDI: Samahani.

DADA: Ngoja... (kwa upande) Ndiyo mkuu. Nimekusikia. Dakika moja... Hapana, mkuu. Hakiji. Andika hakiji.

SPIDI: Dada! Usimwambie hivyo! Muombe muda, mwambie—

DADA: Keshaandika.

SPIDI: Yaani hivyo tu?

DADA: Kalamu yake ina kasi kuliko wewe. Sikiliza. Mama asijue hata moja. Si plastiki, si pasi, si sheria. Ukimwambia plastiki ndiyo iliyoharibu, hatalala tena huyo. Umenielewa?

SPIDI: Nimeelewa.

DADA: Mimi nakuja likizo.

SPIDI: Likizo?

DADA: Ndiyo jina lake. Likizo. Na hiyo plastiki yenye jina usiitupe.

SPIDI: Iko chini ya godoro langu. Dada, mimi nili—

MAMA (kwa mbali): Mnanong'ona nini huko nje? Nani yuko likizo?

SPIDI: Dada, Mama! Anakuja likizo!

MAMA: Eeee! Mwalimu wangu! Lini? Siku ngapi? Muulize siku ngapi!

SPIDI: Anauliza siku ngapi.

MAMA: Hebu njoo unishushie hiyo fremu! Tukioshe hicho kioo kwa sabuni, aikute inang'aa!

DADA: Spidi, asiishushe.

SPIDI: Keshavuta kiti, Dada! Nimwambie nini?

DADA: Mwambie— (mkwaruzo) —salio la watu linai— mwambie mimi—

SPIDI: Haloo? Dada? Haloo?

MAMA: Kasemaje?

SPIDI: Imekatika.

MAMA: Kabla haijakatika, kasemaje?

SPIDI: Kasema... shuka kwenye kiti, Mama, mgongo huo. Kasema iache hapo hapo. Atakuja kuishusha mwenyewe.