Mtani Aliyehamisha Harusi: Kumuaga Mzee Mihayo, Tarishi wa Boma

Tarehe 31 Desemba 1954, Mzee Mihayo bin Kasanda, tarishi wa Boma la Kisarawe, anavua tarabushi yake nyekundu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani Salehe Mwinyimadi, niandike wasifu wake. Nadhani kamati imesahau kwamba yeye ni Mnyamwezi nami ni Mzaramo. Sisi ni watani tangu enzi za babu zetu: hutukanana bila kukasirikiana, hunyang'anyana bila kushtakiana, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Kwa hiyo, waalikwa, msitarajie heshima nyingi hapa.

Mzee Mihayo alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kukata mkonge huku Soga. Mwenyewe anasema aliuacha mkonge kwa sababu Boma lilimhitaji. Waliofanya naye kazi wanasema mkonge ndio uliomwacha.

Alipopewa baiskeli, watu wa Kibaha walimwona kwa miezi mingi akiikokota pembeni kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani. Akiulizwa, hujibu kwamba hiyo ni mali ya Serikali, haipandwi ovyo. Kule Magindu alikimbizwa na fahali hadi juu ya mti, na mwenye fahali ndiye hasa aliyekuwa anaitwa barazani. Mzee Mihayo alimpa taarifa yake yote kutoka tawini, kwa sauti ya kiserikali, na hakushuka mpaka fahali alipofungwa.

Sasa nije Kitongani, maana nisipopataja leo sitapewa chai.

Kitongani ni kijiji kidogo cha wachemsha chumvi na wakulima wa minazi, mbali huko pwani ya kusini, kupita Kisiju. Zamani ukikitaja hapa Bomani, watu waliuliza kiko wilaya ya nani. Masika ya mwaka 1938 tufani iliipiga pwani ile usiku kucha. Nyumba zilibomoka, minazi ikalala chini, bahari ikaingia visimani, na watu wakafa. Hapa Kisarawe upepo uling'oa mabati mawili matatu, basi wiki nzima mazungumzo yetu yakawa mabati.

Mzee Mihayo alitumwa huko kupeleka tangazo la mkutano wa barabara. Alikuta watu wameshazika wafu wao, nao wamekaa mchangani kimya. Hakuna aliyejenga wala aliyepika. Wazee walikuwa wamekubaliana kijiji kivunjwe, kila mtu aende kwa ndugu zake bara. Bi Biasha, mchemsha chumvi, alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na tangu hapo hakulia wala hakusema neno.

Mtu mwingine angetoa pole. Mzee Mihayo alipanda juu ya mnazi ulioanguka mbele ya msikiti, akajilaza chali, tarabushi usoni, kisha akapaza sauti: "Wazaramo, uvivu gani huu? Hata nazi mmengoja upepo uwaangulie!"

Kisha Bi Biasha akainuka, akachota tope kwa mikono miwili, akamtandika nalo kifuani. "Mnyamwezi we, shuka kwenye mnazi wangu!" Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kilio, na kijiji kizima kikalia naye, kilio walichokuwa hawajakilia tangu siku ya tufani. Jioni ile waliwasha moto kwa mara ya kwanza, ingawa cha kuweka juu yake hakikuwapo.

Hilo la chakula ndilo lililomwondoa Mzee Mihayo alfajiri. Alipofika Msimbu alimkuta Jumbe Pazi anaandaa harusi ya mwanawe Zahoro: magunia ya mchele, mbuzi, samli, kila kitu tayari. Mzee Mihayo hakupiga hata hodi. Alikalia gunia la juu kabisa, akamshika beberu pembe, akatangaza kwamba mali hii imeshachukuliwa na mtani, na Jumbe akitaka kula harusi ya mwanawe aifuate Kitongani.

Jumbe Pazi aliruka juu, akaapa, akaita mashahidi, akasema anakwenda kwa Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, sasa hivi. Wazee wake wakamwuliza swali moja tu: "Mzaramo akimshtaki mtani wake, siku ya kufa atazikwa na nani?" Jumbe akakaa chini.

Basi harusi nzima ikahama. Ngoma mbele, bibi harusi Mwamini kati, masufuria na magunia vichwani, na Jumbe mwenyewe nyuma kabisa, amekumbatia chungu cha samli ambacho hakumwamini mtu kukibeba. Nikah ilifungwa Kitongani, mbele ya msikiti usio na paa. Wageni waliposhiba, Mzee Mihayo akawaambia harusi hii ina ngoma moja ya ziada, nayo ni ya kusimamisha nguzo. Walikaa kule mpaka nyumba zikaezekwa. Habari ya kuvunja kijiji haikuzungumzwa tena.

Alirudi Bomani amechelewa vibaya, bila tarabushi, na tangazo la barabara bado mfukoni. Ikasemekana ataandikiwa onyo. Lakini yeye alikuwa ameshaisimulia harusi ile katika kila ofisi, na hata jikoni kwa Bwana Shauri, mpaka hapakuwa na mtu Kisarawe awezaye kusema haijui Kitongani. Lori la mahindi na mbegu likatumwa. Onyo halikuandikwa, nadhani aliyetakiwa kuliandika alikuwa bado anacheka.

Mzee Mihayo alikuwa amepanga kurudi kwao Unyamwezi. Mwezi uliopita, tukinywa kahawa, alituambia kwamba mkewe Tatu, Mungu amrehemu, amelala huku, watoto hawakujaaliwa, na waliomjua kule wamekwisha. "Nitafia kwa watu wasionijua," alisema. "Hata wa kunitania msibani sitakuwa naye." Siku ile mimi mtani wake niliacha kahawa yangu, nikatoka nje. Iliniuma sana.

Juzi watu wa Kitongani, waliokwisha kupata habari hizo, waliingia Kisarawe, wakalinyakua sanduku lake la safari. Ninapoandika haya Bi Biasha amelikalia barazani, anatafuna tambuu, na anasema hataki kikomboleo chochote ila mtani mwenyewe. Pale ulipoanguka mnazi wake alipanda mwingine mwaka uleule wa tufani. Kando yake sasa ipo nyumba mpya waliyomjengea, makuti bado mabichi. Jumbe Pazi naye ameleta chungu cha samli, safari hii kwa hiari yake.

Mzee Mihayo alisema anakwenda stesheni ya Pugu kuulizia saa ya treni tu. Tumemwona akirudi bila tikiti, anapiga mluzi.

Mzee wetu, ahsante kwa miguu yako, na zaidi kwa mdomo wako mchafu. Sote wa Bomani tunakuombea siha njema na umri mrefu huko Kitongani. Mnazi ni wako na umezaa. Panda ukaangue mwenyewe, usingoje upepo.