Vijiti vya Arvella Sizemore

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda mlima huu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, historia hii inasomwa na Doyle Hensley, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ambaye familia imemteua, ingawa wapo waliostahili zaidi.

Marehemu Arvella Hensley Sizemore alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika bonde la Piney Lick, mashariki mwa Tennessee, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Troy na Bi. Icy Hensley, akasoma shule ya hapa bondeni hadi mwaka 1969, na tarehe 4 Septemba 1972 akaajiriwa jikoni katika shule hiyo hiyo, akapika miaka thelathini na moja, na baadhi ya watoto aliokuwa akiwaongezea mkate wa mahindi kwa siri ndio waliobeba jeneza lake leo.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Garland Sizemore, wakajaliwa binti mmoja, Renita, na Garland alipofariki mwaka 2011, marehemu alihamishia mapenzi yake nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mialoni, akalea maua ya msituni yanayowahi kuchanua kabla miti haijapata majani, hasa trilio, ua jeupe la petali tatu, ambalo likipandwa kwa mbegu humsubirisha mtu miaka saba au minane. Mbegu zake alizipanda Agosti 2016, akachomeka kijiti penye kila moja, na alipoulizwa kwa nini asinunue miche, alijibu, "Cha dukani si changu. Nataka nione ua moja tu nililolilea mwenyewe."

Tarehe 24 Julai 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa wiki sita, na Doyle, aliyeachiwa nyumba, asiyejua kwamba maua hayo hujificha ardhini kiangazi chote, akaona bustani tupu, akadhani imekufa, akang'oa vijiti na kuilima kwa mashine tarehe 19 Agosti, ili dada yake akirudi akute udongo mwororo. Jirani, Bi. Lorena Buckner, alipoleta maharage alishika mdomo.

"Doyle, umefanya nini? Mwenzio alikuwa anaingoja Aprili ijayo, ayaone yakichanua!"

Doyle alivirudisha vijiti kwa mistari, akatandaza majani makavu juu ya udongo, akamwomba Bi. Buckner asimwambie dada yake.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 2 Septemba, na tangu Machi alisogezewa kiti dirishani kila asubuhi, na kila asubuhi Doyle alimwambia, "Baridi ya mwaka huu imeyachelewesha, dada," naye akajibu, "Baridi ina kiburi, mdogo wangu. Tusubiri." Walisubiri hivyo hadi tarehe 11 Aprili 2024, alipokata roho kwenye kiti hicho hicho, trilio za bonde zima zikiwa zimechanua, isipokuwa zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, wapishi wenzake waliokesha naye kwa zamu, na Bi. Buckner, aliyetunza siri ambayo haikuwa yake.

Juzi Renita alikuta daftari la bustani, na chini ya tarehe 3 Septemba marehemu ameandika, "Vijiti vimenyooka kama askari. Mimi sikuvipanga hivyo. Doyle amelima. Asijue kwamba najua."

Dada Arvella, niliyelima ni mimi. Pumzika kwa amani.